Muulize Mzee wa Ramani: Ndege ya Kurwa inaruka saa ngapi?

Barua za safari zimejaa mezani mwezi huu. Ya kwanza imenikalisha kitako jioni nzima, tena kwa raha, kwa hiyo nitaipa nafasi kubwa. Wengine mtanisamehe.

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Mimi ni mama wa mapacha. Kurwa anaishi Singapore, Doto yuko New York. Desemba hii Kurwa anakwenda kumtembelea mwenzake, na amenitumia picha ya tiketi. Kwenda, anaondoka saa sita na dakika kumi usiku na kufika saa kumi na moja na dakika hamsini alfajiri, tarehe ile ile. Kwa vidole vyangu hiyo ni safari ya saa 5 na dakika 40. Kurudi, anaondoka saa nne na nusu asubuhi na kufika kesho yake saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni: saa 31 na dakika 50! Nikasema labda ya kurudi inatua mahali. Mtoto akaniambia hapana mama, ni moja kwa moja kote kuwili. Nikaingia kwenye intaneti. Tovuti moja ikasema ni kilomita 15,300 na mwendo wa saa 17 na nusu. Nyingine, ile inayoonyesha ndege zikiwa angani, ikasema ndege ya juzi iliruka zaidi ya kilomita 16,500. Nimwamini nani? – *Mama wa Mapacha*

JIBU: Marahaba, mama Kurwa. Waamini wote, ila kila mmoja muulize kapima nini. Tiketi imesoma saa mbili za ukutani, moja ya Singapore na moja ya New York. Tovuti ya kwanza imepima ardhi. Ya pili imefuata mkia wa ndege. Wewe umezichanganya tarakimu zao kwenye kapu moja, ndiyo maana hazikai.

Tuanze na tiketi, kwa sababu hapo umenipa zawadi bila kujua. Umeniandikia kwenda na kurudi. Chukua zile saa 5 na dakika 40 zako, jumlisha na saa 31 na dakika 50. Unapata saa 37 na dakika 30. Gawa kwa mbili: saa 18 na dakika 45. Huo ndio muda ambao mwanao atakaa kwenye kiti, kila upande, kwa wastani. Tofauti ya saa baina ya miji imepunguza safari ya kwenda, na imeongeza safari ya kurudi kwa kiasi kile kile, kwa hiyo ukijumlisha zinafutana. Huhitaji hata kujua tofauti yenyewe ni ngapi. Ukitaka kuijua, toa badala ya kujumlisha: 31:50 kutoa 5:40 ni saa 26 na dakika 10, nusu yake saa 13 na dakika 5. Tofauti halisi ya miji hiyo wakati wa Desemba ni saa 13. Zile dakika 5 zilizozidi ni za upepo, na upepo nitaurudia.

Hesabu hii nimewafundisha watu wengi na bado wanaipenda kuliko programu ya simu. Ina sharti moja tu: kwenda na kurudi pawe moja kwa moja. Ukiingiza kituo cha kuunganisha ndege, na kusubiri saa nne hapa na saa kumi pale, unapata wastani wa kusubiri, si wa kuruka.

Sasa kwa nini saa 13? Dunia ina nyuzi 360 na inajizungusha mara moja kwa saa 24, kwa hiyo kila nyuzi 15 za longitudo ni saa moja. New York iko nyuzi 74 magharibi. Singapore iko karibu nyuzi 104 mashariki. Jumla ni 178, na ukigawa kwa 15 unakaribia saa 12. Kwa jua, basi, watoto wako wamepishana saa 12 kasoro dakika chache: huyu akiwa na adhuhuri, yule yuko usiku wa manane. Lakini saa za ukutani huwekwa na serikali. Mahali ilipo, Singapore ingestahili kuwa saa 7 mbele ya Greenwich, ila tangu 1982 inatembea saa 8 mbele. Huko New York nako husogeza mishale mbele saa moja kuanzia Jumapili ya pili ya Machi mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo miezi hiyo tofauti huwa saa 12 kamili, na miezi mingine 13. Ukitaka kuwaita wote wawili kwenye simu moja, majira ya kiangazi ni rahisi mno: saa mbili asubuhi ya Doto ni saa mbili usiku ya Kurwa. Saa ile ile, mmoja ana jua na mwingine ana taa. Desemba ongeza moja: saa mbili ya Doto ni saa tatu ya Kurwa.

Zile nyuzi 178 zina jambo jingine zuri zaidi, na hapa ndipo nilipochelewa kulala. Nyuzi 180 zingekuwa pande mbili za dunia zinazotazamana kabisa. Zikikosekana mbili tu, maana yake njia fupi kuliko zote kati ya wanao wawili inapita karibu mno na Ncha ya Kaskazini. Unaweza kuipima wewe mwenyewe bila tovuti. New York iko latitudo ya nyuzi 40.7 kaskazini, hivyo kutoka hapo kupanda mpaka nchani ni nyuzi 49.3. Kutoka nchani kuteremka mpaka Singapore, iliyo nyuzi 1.3 tu juu ya ikweta, ni nyuzi 88.7. Jumla 138. Kila nyuzi ni maili za baharini 60, na maili ya baharini ni kilomita 1.852. Zidisha: kilomita 15,335 hivi. Ndizo zile 15,300 za tovuti ya kwanza. Umezipata kwa kalamu.

Nilikaa miaka mingi katika chumba cha kupanga safari za ndege. Ni chumba kisicho na sifa, mara nyingi hakina hata dirisha, ambamo watu huamua ndege ipite wapi na ibebe mafuta kiasi gani kabla rubani hajavaa kofia. Wiki yangu ya kwanza mkuu wangu alinipa miji hii hii miwili. Nikaenda kwenye ramani kubwa ya ukutani, nikavuta mstari ulionyooka kwa rula, nikapiga hesabu kwa uangalifu, nikarudi na kilomita 18,500. Hakucheka. Alifungua mtoto wa meza, akatoa tufe la plastiki lililopasuka kidogo na uzi wa kushonea, akaniambia bana ncha moja kwa kidole New York, nyingine Singapore, halafu vuta ukaze. Uzi ukapanda, ukapita juu kabisa ya tufe, ukateremka upande wa pili. Nilikuwa nimepoteza zaidi ya kilomita 3,000, yaani zaidi ya saa tatu za mafuta.

Ramani ile ya ukutani ilikuwa ya mtindo uliobuniwa mwaka 1569 na mchora ramani Mercator. Aliichora kwa ajili ya mabaharia: mstari ulionyooka juu yake ni mwelekeo mmoja wa dira usiobadilika, jambo tamu kwa mshika usukani. Lakini kadiri unavyokwenda kaskazini inatanuka, na ncha yenyewe haimo kabisa. Ungehitaji karatasi isiyo na mwisho. Maana yake njia fupi ya Kurwa haichoreki vizuri pale. Inatoka juu ya karatasi na kuingia tena upande mwingine, kama mtu aliyetokea dirishani na kurejea kwa mlango. Kwa hiyo mama, ukiona kwenye skrini ya kiti ndege inapinda, usidhani rubani anazurura. Karatasi ndiyo iliyopinda.

Bado tuna zile 16,500. Ndege haifuati uzi wa kushonea. Kwenda New York, wapangaji mara nyingi huipitisha juu ya Pasifiki ya kaskazini, kwa sababu huko juu kuna mkondo wa upepo unaovuma kuelekea mashariki, na ndege ikiupata mgongoni inafika mapema hata kama imetembea zaidi. Kurudi, upepo ule ule ni adui, basi wanatafuta pa kuukwepa: pengine karibu na ncha, pengine upande wa Atlantiki. Njia ya leo si ya kesho. Kisha kuna anga zilizofungwa, dhoruba, na sharti la kuwa karibu vya kutosha na uwanja wa kutua kwa dharura. Tofauti ya kilomita elfu na ushei kwa safari hii si ajabu hata kidogo.

Na muda? Tovuti ya kwanza imegawa kilomita 15,300 kwa kilomita 900 kwa saa, ikapata 17, ikaongeza nusu saa ya kupanda na kushuka. Ni makisio ya heshima. Ila tiketi huhesabu tangu ndege inapoachia lango la kuondokea mpaka inapofunga breki kwenye lango la kufikia, pamoja na foleni ya kurukia, mizunguko ya kusubiri kutua, na dakika kadhaa za akiba ambazo ratiba huzificha ili ndege isionekane imechelewa. Kurwa akifika nusu saa kabla, asimsifu sana rubani.

Jambo dogo la mwisho, maana najua mama hatalala bila kuuliza kama ndege itatosheka na mafuta. Singapore Airlines iliirusha njia hii kwanza mwaka 2004, ikaiacha 2013 kwa sababu ndege ya injini nne ilikuwa inakunywa mno, ikairudisha Oktoba 2018 kwa Airbus A350-900ULR ya injini mbili. Matangi yake yanachukua lita 165,000. Ili kubeba hayo, wameweka viti 161 tu. Sehemu kubwa ya mafuta ya mwanzo yanatumika kubeba mafuta ya mwisho. Hiyo ndiyo dhiki ya safari ndefu.

SWALI: Shikamoo mzee. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na pale ikweta mwendo wake ni kama kilomita 1,670 kwa saa. Kwa nini ndege isipande juu, ikatulia, ikangoja mji uje chini yake? Na mbona London kwenda New York, yaani magharibi, ni karibu saa 8, na kurudi mashariki ni 7? Si ingekuwa kinyume? – *Mwanafunzi wa kidato cha tatu*

JIBU: Marahaba, mjukuu. Swali hili huwaaibisha watu wazima, ndiyo maana hawaliulizi. Nzi akiruka ndani ya basi linalokimbia, hagongwi na kioo cha nyuma, kwa sababu hewa ya ndani inakwenda na basi. Hewa yetu nayo inazunguka pamoja na dunia. Ndege kabla ya kuruka ilikuwa tayari inakwenda mashariki pamoja na uwanja, na ikipanda inabaki katika hewa inayokwenda vilevile. Ikitulia, kama helikopta, itatulia juu ya paa lile lile.

Kinacholeta tofauti ni pale hewa inapokwenda *zaidi* ya dunia. Kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, katika latitudo za kati, kuna mito ya upepo inayokimbia mashariki kwa kilomita 100, 200, wakati mwingine zaidi ya 300 kwa saa. Inasukumwa na tofauti ya joto kati ya kusini na kaskazini, na mzunguko wa dunia ndio unaoipindisha ielekee mashariki. Kwa hiyo mzunguko unahusika, ila kwa mlango wa nyuma.

London na New York zimetengana kilomita 5,540. Piga hesabu hii kwenye daftari lako: ndege yenye mwendo wa 900, upepo wa 100. Kurudi London unapata 1,000 kwa saa, yaani saa 5 na dakika 32. Kwenda New York unabaki na 800, saa 6 na dakika 56. Sasa angalia kitu ambacho mwalimu wako huenda akakuuliza. Bila upepo, kwenda na kurudi ni saa 12 na dakika 19. Kukiwa na upepo ni 12 na dakika 28. Upepo hauturudishii ulichochukua, maana unakaa nao muda mrefu zaidi ukiwa adui kuliko ukiwa rafiki.

Februari 2020, wakati wa dhoruba, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56. Kwa ardhi ilipita kilomita 1,300 kwa saa, mwendo unaozidi wa sauti, lakini haikuvunja ukuta wa sauti wala abiria hakusikia kitu. Ndani ya hewa yake ilikuwa inakwenda mwendo wa kila siku. Hewa ndiyo iliyokuwa na haraka.

Mmoja wa watu wa kwanza kuipima mito hiyo alikuwa Mjapani, Wasaburo Ooishi, kwa maputo, miaka ya 1920. Alitaka dunia nzima isome, akaandika ripoti yake kwa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili iwe ya watu wa mataifa yote. Unaweza kukisia wangapi waliisoma.

SWALI: Rafiki yangu anasema aliondoka Auckland Jumamosi usiku akafika Honolulu Jumamosi ile ile asubuhi. Nimwite mwongo? – *Asiyeamini*

JIBU: Mwombe radhi. Safari ile ni kama saa 8 na nusu hivi, lakini inavuka mstari wa tarehe katikati ya Pasifiki, na mwezi Januari Auckland iko saa 23 mbele ya Honolulu. Akipanda saa tano na dakika hamsini usiku, anashuka asubuhi ya siku aliyokwisha kuila. Akirudi atalipa. Samoa ndio waliofanya makubwa: mwishoni mwa 2011 waliuhamisha mstari huo upande wa pili wao, wakalala Alhamisi tarehe 29 Desemba na kuamka Jumamosi tarehe 31. Ijumaa ile haikuwepo kwao.

SWALI: Mzee, mwaka 2019 kaka yangu aliruka Helsinki kwenda Tokyo kwa saa 9 na nusu. Mimi juzi nimetumia 13, shirika lile lile. Ndege zimezeeka? – *Kiuno kinauma*

JIBU: Pole na kiuno, ndugu yangu. Ndege ni zima. Njia fupi ya miji hiyo inapita juu ya Siberia, na tangu Februari 2022 Urusi imefunga anga yake kwa mashirika ya Ulaya, kama Ulaya nayo ilivyoifungia ya kwao. Umepitishwa ama juu karibu na ncha, ama kusini kwa kuzunguka. Miji haijasogea hata mita moja. Tovuti ya umbali itakuambia kilomita 7,800 leo kama ilivyosema jana, na haina kosa.

Sisi wa zamani haya tuliyasikia kwa waliotutangulia. Anga ya Urusi ilikuwa imefungwa pia enzi za Kisovyeti, na ndiyo maana Februari 1957 shirika la SAS lilifungua njia ya Copenhagen kwenda Tokyo kwa kupita nchani na kutua Anchorage, Alaska, kunywa mafuta. Kwa miaka mingi Anchorage ilikuwa njia panda ya dunia: watu wa Ulaya na Asia wakinyoosha miguu usiku katika mji ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anauendea. Ukipitishwa nchani, safari ijayo omba kiti cha dirishani. Angalau uambulie kuona barafu.

SWALI: Shikamoo. Miji gani miwili iko mbali kuliko yote, na ndege ingepitia upande gani? – *Mpenda ramani*

JIBU: Marahaba. Hakuna umbali unaozidi nusu ya mzingo wa dunia, kilomita 20,000 hivi. Ukipita hapo umeanza kurudi. Kati ya miji mikuu, Madrid na Wellington zinakaribia sana: kilomita 19,850. Hadi sasa hakuna ndege ya abiria inayoziunganisha kwa mruko mmoja.

Upande gani? Nilichukua lile tufe la plastiki, ambalo mkuu wangu aliniachia alipostaafu, nikabana uzi Madrid kwa kidole gumba na Wellington kwa kile cha shahada. Ukapita Asia. Nikausukuma kidogo, ukateleza mpaka Marekani ya Kusini, nao ukatosha vilevile. Nikausukuma ukapita nchani, ukapungukiwa kwa unene wa kucha.